Ngumi na Teke: Asiyejua Moja Asichanganye Mbili

Barua imeletwa mezani pangu hapa Dundori, nami natakiwa kuitia sahihi. Imeandikwa na wazazi wenzangu. Wanaomba kwamba mazoezi ya ndondi na ya karate yanayofanywa kila Jumamosi katika ukumbi wetu mdogo yapigwe marufuku, yote mawili, tena kwa daima. Nimeisoma mara tatu. Sijaitia sahihi, wala sidhani nitaitia. Hata hivyo, si haki kukataa kimyakimya, kwa kuwa mimi ndiye chanzo cha barua hiyo. Nawaomba walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wanisikilize kwanza, kisha wanihukumu.

Kisa chenyewe ni hiki. Ukumbi wetu ni mmoja, na vijana wanaoutaka ni wa makundi mawili. Wa ndondi wana glavu kuukuu na gunia la mchanga. Wa karate wana kanzu zao nyeupe na mikanda. Kwa muda mrefu walikuwa wakipeana zamu. Asubuhi moja ya baridi, ukungu ukiwa bado haujaondoka kwenye miti ya msitu, mimi niliyekuwa mwalimu msimamizi nilipata wazo. Kwa nini mwenye mikono asijifunze miguu, na mwenye miguu asijifunze mikono? Niliwaita vijana wawili wa umri wa miaka 16, mmoja kutoka kila kundi, nikawaambia wachezeane polepole. Sikuweka kanuni yoyote zaidi ya neno hilo, polepole.

Kijana wa karate alirusha teke zuri la juu, akalisimamisha upana wa kiganja kutoka shavuni mwa mwenzake, kama alivyofunzwa. Kisha akashusha mikono, akingoja kuhesabiwa alama. Kijana wa ndondi hakuona alama. Aliona mlango ulioachwa wazi, akapiga hatua moja ndani na kutupa konde la kulia lililonyooka, kama naye alivyofunzwa. Mwenzake alianguka chali. Aliinuka akicheka, nasi tukacheka, nami nikamruhusu aende nyumbani kwa miguu. Siku mbili baadaye hakuweza kusoma maandishi ya ubaoni. Alikaa nje ya shule majuma matatu, akiumwa na kichwa na kuuchukia mwanga. Daktari alimweleza mama yake kwamba ubongo ulikuwa umetikiswa. Kijana amepona, namshukuru Mungu. Mama huyo hajanitamkia neno lolote kali mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa wazazi wanasema: njia mbili zilimshinda fisi. Wanadai kwamba kuchanganya sanaa mbili za mapigano ni wazimu, na kwamba heri tuondoe zote tusiwe na la kujutia. Nawaheshimu, lakini nadhani methali wameitumia vibaya. Fisi hakushindwa kwa sababu njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa kutaka kuzipita zote kwa wakati mmoja, kabla ya kujua hata moja inakwenda wapi. Hilo ndilo kosa nililolifanya mimi ukumbini, na ndilo ningependa tulijadili, badala ya kuufunga ukumbi.

Kwanza tukumbuke tunakotoka. Sisi wa Nakuru hatuwezi kuzungumzia ndondi kama kitu cha kigeni. Philip Waruinge, aliyekulia katika ndondi za Nakuru, alileta nishani ya shaba kutoka Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968, na katika michezo hiyohiyo akatunukiwa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote. Miaka minne baadaye mjini Munich alipata nishani ya fedha. Robert Wangila akatwaa dhahabu mjini Seoul mwaka wa 1988, akimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali. Kwa jumla ndondi zimeipa Kenya nishani saba za Olimpiki. Sanaa za Mashariki nazo zimeshapata watoto wa Kenya: Dickson Wamwiri alituwakilisha katika taekwondo mjini Beijing mwaka wa 2008, na Faith Ogallo mjini Tokyo mwaka wa 2021. Mtoto wa Dundori anayetamani ngumi na teke kwa pamoja hajapotoka. Anatazama mifano iliyo mbele ya macho yake.

Lakini ni lazima tuelewe kwamba sanaa hizi hazilingani, ingawa zote ni za kupiga. Mwanandondi husimama karibu, kidevu chini, mikono juu, kwa sababu anajua kichwa chake ndicho shabaha. Hana haja ya kuogopa teke, basi huuweka uzito wake kwenye miguu yote miwili na kuinama atakavyo. Mtu wa taekwondo husimama kwa ubavu, mbali na mwenzake, na mara nyingi mikono yake huwa chini, kwa kuwa kanuni za mashindano yake haziruhusu ngumi ya kichwani, ilhali teke la kichwani hupewa alama nyingi kuliko ngumi ya kifuani. Mwanakarate wa mashindano ya alama hufunzwa kupiga kwa kasi kisha kulizuia pigo lake, halafu mwamuzi husimamisha mchezo. Bondia hafunzwi kulizuia pigo, na mwamuzi wake hasimamishi mchezo kwa sababu ya konde moja safi.

Tazama basi yanayotokea watu hawa wawili wanapokutana bila maandalizi. Mmoja amefundisha mwili wake kusimama baada ya pigo. Mwingine amefundisha mwili wake kuendelea. Mmoja akiinama kulikwepa konde, huenda akakutana na goti au teke linalopanda. Mwingine akiinua mguu, husimama kwa mguu mmoja mbele ya mtu aliyezoea kusukuma mbele. Hakuna mwenye nia mbaya. Kila mmoja anatii mazoea yake, na mazoea yenyewe ndiyo yanayogongana. Kijana wetu hakuumizwa na ukatili wa mwenzake. Aliumizwa na mwalimu aliyedhani kwamba mazoea huondolewa kwa kusema "polepole".

Je, hii ina maana kwamba kuchanganya hakuwezekani? La hasha! Historia inatuonyesha vinginevyo. Katika karne ya 19, mwalimu Charles Lecour wa Paris, aliyekuwa bingwa wa mateke ya Kifaransa yaitwayo savate, alitambua kwamba mikono yake haikufaa kitu mbele ya Mwingereza mwenye ngumi. Hakubuni ngumi za kwake. Alijifunza ndondi za Kiingereza zilivyo, kisha akaziunganisha na mateke aliyoyajua. Huko Japani, miaka ya 1960, watu waliokuwa na msingi wa karate walikutana na mapigano ya Thailand, na hapo ukazaliwa mchezo wa ngumi za mateke. Nchini Marekani, mwanakarate Joe Lewis, ambaye tayari alikuwa bingwa, alikwenda kujifunza kwa bondia Joe Orbillo kabla ya kuanza kupigana kwa mchanganyiko huo.

Wote hao wanafanana kwa mambo mawili. Kila mmoja alikuwa na nyumba iliyokwisha kusimama kabla ya kuongeza chumba. Aidha, kila mmoja alikwenda kwa mwenye sanaa ya pili ili afundishwe. Hakuichungulia dirishani na kuiga.

Kuna na mfano wa upande wa pili. Mwezi wa Juni 1976, Muhammad Ali alipambana mjini Tokyo na mwanamieleka Antonio Inoki, chini ya kanuni zilizotungwa kwa ajili ya siku hiyo tu. Dunia nzima ilingoja maajabu. Kwa raundi 15 Inoki alilala chali sehemu kubwa ya pambano akiipiga miguu ya Ali, naye Ali akatupa makonde ya kuhesabika kwa vidole. Wakatoka sare, na miguu ya Ali ikabaki na majeraha. Ikiwa mabingwa wawili wa aina hiyo hawakuweza kuunganisha sanaa zao kwa mkataba wa siku moja, mimi ni nani hata nijaribu kwa neno moja katika ukumbi wa kijijini?

Kwa hiyo napendekeza tusifunge ukumbi, bali tubadilishe utaratibu. Kwanza, kila kijana achague sanaa moja na kukaa nayo hadi mkufunzi wake aridhike kwamba amekomaa. Hata ikichukua miaka miwili, na iwe miwili. Pili, sanaa ya pili ifundishwe na mtu anayeijua, wala si na mwanafunzi mwenzake. Tatu, mchanganyiko uanze kwenye gunia na kwa zoezi la kupangwa, ambapo mmoja anajua teke linakuja na mwingine anajua atalikinga vipi. Nne, wanafunzi wetu wasishindane kwa mapigano huru yenye mapigo ya kichwani kati ya sanaa mbili. Tano, kijana yeyote aliyepigwa kichwani akaonekana kuzubaa aondolewe siku hiyo, asirudi mpaka aonwe na daktari.

Kuhusu kichwa, naomba nisisitize. Wako wanaodhani kofia za kujikinga zinatosha. Kofia hizo hupunguza michubuko na kupasuka kwa ngozi, lakini haziuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Wala tusisahau kwamba Wangila yuleyule tuliyemshangilia mwaka wa 1988 alifariki dunia mjini Las Vegas mwezi wa Julai 1994, baada ya pambano la kulipwa. Alikuwa bingwa wa Olimpiki, mwenye ulinzi na uzoefu ambao watoto wetu hawana. Simtaji ili niwatishe vijana. Namtaja kwa sababu heshima tunayompa isipoambatana na tahadhari itakuwa heshima ya mdomoni tu.

Walimu wenzangu watauliza jambo hili linawahusu vipi wasiovaa glavu. Linawahusu sana. Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika shule za sekondari ya juu, na hivyo michezo imeingia darasani kama somo. Mwalimu hawezi tena kukaa kando na filimbi akisema mchezo ni mchezo. Isitoshe, kanuni ya ukumbini ndiyo kanuni ya darasani. Nimesahihisha insha za wanafunzi wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza katika kila sentensi, wakidhani wanatajirisha lugha, kumbe wanakimbilia lugha ya pili kila wanapokwama katika ya kwanza. Simlaumu anayejua lugha mbili; namwonea wivu. Lakini anayezijua mbili kweli alianza kwa kuijua moja vizuri, kiasi cha kutambua pale nyingine inapotofautiana nayo.

Nanyi wanafunzi, najua mnavyotazama filamu za mapigano na kutamani kila pigo kwa siku moja. Sitawaambia muache kutamani. Nawaambia tu kwamba msiione aibu kubaki wanafunzi wa jambo moja wakati wenzenu wanajigamba kwa matano. Kijana wa ndondi aliyempiga mwenzake hapa kwetu ameacha mazoezi kwa huzuni, ingawa hakuwa na hatia. Nilimwendea nyumbani kwao nikamwambia hivyo mbele ya baba yake. Kosa la mwalimu lisipokiriwa, mwanafunzi hulibeba.

Jumapili iliyopita nilimwendea pia mama wa kijana aliyeumia. Nilimkuta akichagua viazi vya mbegu uani. Nilimsomea mapendekezo yangu matano, moja baada ya jingine. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Mwalimu, na nani atakayekuwa hapo kuhakikisha?" Nikamjibu kwamba nitakuwa mimi, kila Jumamosi, nikiwa na daftari la majina. Akasema basi atafikiri.

Kwa hivyo barua ya wazazi bado iko mezani pangu. Chini yake, mahali pa sahihi, nimeandika kanuni hizo tano kwa mkono wangu, na kanuni ya sita nimeongeza baada ya swali la mama huyo: pasipo msimamizi mzima, ukumbi usifunguliwe. Nitaipeleka kwenye mkutano wa wazazi nikiwa tayari kulaumiwa. Iwapo watafunga ukumbi, nitakubali, kwa maana watoto ni wao na lawama ni yangu. Lakini naamini kwamba tukifunga, vijana hawataacha kupigana ngumi na mateke. Wataenda kuyachanganya nyuma ya nyumba na pembezoni mwa msitu, ambako hakuna hata mwalimu wa kusema "polepole".