Kompyuta Kongwe Nyumbani: Tuitunze au Tuibadilishe?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Wasomaji wetu watukufu, katika darsa za akina mama, Ukunda hata Msambweni, swali moja limeturudia mara nyingi. Kompyuta iko nyumbani mwaka wa tisa huu, nayo ndiyo iliyomsomesha kifungua mimba mpaka akamaliza chuo. Sasa yachelewa kuwaka, betri haikai na chaji, na vijana wasema imepitwa na wakati. Je, kununua mpya ni haja au ni israfu? Na kuishikilia hii kuukuu ni kinaa au ni ubakhili?

Jawabu letu ni kuwa umri wa chombo peke yake si hoja. Mvuvi wa Gazi au Shimoni haliachi dau lake kwa kuwa ni la zamani. Hutazama kama lavuja, kama mwanya wazibika kwa kalafati, na kama mbao zingali zashika misumari. Kompyuta nayo tuipime kwa mambo manne: kazi inayotakiwa, usalama wake, njia ya kupata nyingine, na amana iliyo ndani yake.

Tuanze na kazi. Kuandika insha, kuomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, kuweka hesabu za kikundi na kusikiliza darsa hakuhitaji mashine yenye nguvu nyingi. Ikiwa uzito watokana na diski ya kizamani inayozunguka, kuweka diski ya SSD mahali pake mara nyingi huirudishia wepesi, na kwa gharama ndogo kuliko bei ya mpya. Kuongeza kumbukumbu ya RAM kutoka GB 4 hadi GB 8 husaidia pia, ila si kila mashine hukubali, basi fundi aulizwe kwanza. Upepo wetu wa bahari una chumvi iliayo chuma. Kompyuta na ifunikwe, isiwekwe karibu na dirisha. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alieleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitengeneza viatu vyake na kushona nguo zake mwenyewe. Kutengeneza kilichoharibika si unyonge. Lakini binti anayesomea uchoraji wa majengo, na mashine ikamshinda, haja yake ni ya kweli. Kumnunulia ifaayo si israfu.

La pili ni usalama. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika, ila nyufa mpya zinazogunduliwa hazizibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika nyongeza ya usalama, ambayo kwa watumiaji wa nyumbani iliwekewa mwisho wa 13 Oktoba 2026. Windows 11 yataka kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na mashine nyingi za kabla ya mwaka 2018 haizikubali. Hata hivyo njia haijafungwa. Mfumo wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, hupatikana bila malipo na kwa halali, nao hufufua mashine nyingi za zamani. Wala tusikimbilie programu zilizovunjwa kufuli. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zalindwa kisheria na haifai kuzivamia.

La tatu ni njia ya kupata nyingine. Mama akiwa na fedha, au akisubiri zamu yake ya mchezo, au akikopeshwa na nduguye mkopo mwema, ni kheri. Kununua kwa malipo ya baadaye, hata bei ikizidi ya taslimu, wanazuoni wengi wameruhusu maadamu bei yajulikana na imekatwa tangu mwanzo. Ama mkopo wa riba, au deni linalozidishwa kwa sababu mtu amechelewa kulipa, hilo ndilo la kukimbiwa. Kompyuta nzito yenye halali ni bora kuliko nyepesi iliyoingia nyumbani kwa riba.

La nne ndilo lisahauliwalo, nasi twaomba akina mama walizingatie khasa. Ndani ya kompyuta hiyo mna picha za harusi, za bibi harusi na hina yake, za mabinti wakiwa nyumbani bila ya stara. Mna vyeti, nambari za vitambulisho na barua za siri. Wengi hudhani kufuta picha na kumwaga pipa la takataka kwatosha. Hakutoshi. Kinachoondoka mara nyingi ni anwani ya picha. Picha yenyewe husalia katika diski mpaka iandikwe kitu juu yake, na mjuzi aweza kuirudisha. Kwa hiyo, kabla ya kuiuza au kuitoa, yanayotakiwa yahamishwe, kisha diski yote isafishwe kwa programu ya kazi hiyo, au ing'olewe ibaki nyumbani. Hata inapokwenda kwa fundi, picha zitangulie kuhamishiwa kwenye diski ya nje na kusafishwa humo, na ikiwezekana mtu wa nyumbani akae pale mpaka kazi iishe. Sitara ya jamaa ni amana kubwa kuliko thamani ya mashine.

Na mwenye kuiuza aeleze aibu zake, maana kuficha kasoro ni khiyana. Mwenye kuitoa sadaka kwa madrasa atoe inayofanya kazi. Kupeleka iliyokufa ni kuhamisha taka. Iliyokufa kabisa isichomwe shimoni wala kutupwa mikokoni, kwani ndani yake mna risasi na sumu nyingine, na betri yake yaweza kulipuka. Sheria ya Kenya ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imewawajibisha watengenezaji na waagizaji juu ya bidhaa zao hata zinapokuwa taka. Na kabla ya sheria hiyo, dini yetu imekataza kudhuru.

Basi, mama mwenzetu, ikiwa chombo chako chatosheleza kazi na usalama wake wawezekana, kitunze na umshukuru Mola wako. Kikishindwa, nunua kwa halali bila ya dhana ya israfu, ila usikitoe cha zamani mlangoni mpaka umekwisha kukiondolea siri za nyumba yako.

Mwenyezi Mungu atusitiri na azitie baraka nyumba zetu. Wabillahi tawfiq.