Vyeti Tunavyo, Mshahara Uko Wapi?



Mafunzo ya wageni kwa waandishi wa habari si jambo jipya. Mwaka 1963 Taasisi ya Kimataifa ya Habari, kwa fedha za Ford Foundation ya Marekani, ilianza masomo hapa Nairobi chini ya Bwana Tom Hopkinson, aliyekuwa mhariri wa Drum. Mwaka huo huo Berlin ya Mashariki nayo ilifungua shule ya waandishi wa Afrika. Huku walifundisha kwamba gazeti ni mlinzi wa kuichunga Serikali. Kule, kwamba gazeti ni chombo cha chama cha kujenga nchi. Leo mwendo ni ule ule. Wachina wana televisheni yao Nairobi tangu 2012, na huwaalika waandishi wetu Beijing. Waingereza na Wajerumani nao wana semina zao.

Sisi hatukatai elimu, na wengine wetu ilitufaa sana. Lakini mwalimu wa London humfundisha mtu mwenye mshahara wa mwezi, na wa Beijing humfundisha mtumishi wa serikali. Mwandishi wetu wa wilayani si huyu wala yule. Hulipwa kwa habari iliyochapwa tu. Mhariri akiitupa, nauli ya matatu imekwenda na siku imekwenda bure. Mtu huyu akipokea bahasha ya mwanasiasa, husemwa hana maadili! Basi hupelekwa semina ya maadili katika hoteli kubwa, akapewa chai, keki na cheti. Mwenye nyumba hapokei cheti.

Wenye magazeti wafurahi, maana mgeni amewapunguzia gharama ya kufundisha watu wao. Fedha hiyo iliyookolewa hatujaiona katika mishahara.

Tena mwenye kutoa aweza kuondoa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Waandishi Wasio na Mipaka walisema dola milioni 268 zilizotengewa vyombo huru vya habari zilizuiwa. Machi, watumishi karibu wote wa Sauti ya Amerika waliambiwa wakae nyumbani. Idhaa yao ya Kiswahili ilikuwako tangu 1962.

Na hapa kwetu je? Machi 2024 Wizara iliamuru matangazo ya Serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC pekee. Tajiri akipoteza tangazo, wa kwanza kufukuzwa ni nani? Somo hilo hatujaliona katika semina yo yote.

Twataka hivi: mwenye gazeti asipokee msaada wa mafunzo kabla ya kutia sahihi mapatano na chama cha waandishi juu ya malipo ya chini, nauli na bima. Wafadhili nao wakae mezani pamoja na chama, si na wakubwa peke yao.

Kila mwandishi asiye na barua ya kazi amwone katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi, naye alete hesabu ya habari alizolipwa na zile alizodhulumiwa.