Flashi ya GB 32 inasoma 29: ni mbovu, ni wizi, au ni desturi?

Ndugu na dada zangu wa kikundi, wiki hii mmebishana sana juu ya zile flashi za Busia. Imeandikwa GB 32, ukiichomeka kwenye kompyuta inasoma 29 na kitu. Wengine mnasema ni mbovu, wengine mnasema mwenye duka ni mwizi. Mimi sikubaliani na nyinyi wote.

Fikirieni shilingi. Ukiwa Busia ukaambiwa kitu ni "elfu mbili", utatoa hela hapo hapo? Unauliza kwanza: ya Uganda ama ya Kenya? Jina moja, pesa mbili, na hakuna anayesema shilingi imeharibika. GB ni hivyo hivyo. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja. Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo GB yake ni baiti 1,073,741,824. Gawanya bilioni 32 kwa namba hiyo, unapata 29.8. Hakuna kilichoibiwa. Ichomeke kwenye Mac itasoma karibu 32, manake Apple walibadilisha hesabu yao mwaka 2009.

Kumbe jina la kutofautisha lipo. Tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilitoa neno gibibaiti tangu 1998, lakini Windows mpaka leo inaandika GB tu. Hapo nakasirika kidogo. Desturi ambayo mgeni haambiwi ni kama mtego, na sisi wakimbizi tunajua kufika mahali ambapo kila mtu anajua utaratibu isipokuwa wewe. Lakini mwenye duka tumuache, hii si yake.

Wizi upo, ila ni mwingine. Ni zile zilizoandikwa TB 2 zinazouzwa kwa bei ya flashi ya kawaida. Ndani kuna kumbukumbu ndogo, pengine GB 8, na chipu inayoiongoza imepangwa iseme uongo kwa kompyuta. Unanakili, inakuambia tayari, majina ya faili unayaona yote. Nafasi ya kweli ikiisha, kinachofuata kinaandikwa juu ya cha zamani ama kinatupwa. Utagundua siku unafungua cheti chako cha S4 utume ombi la ufadhili, na hakifunguki. Kwa mtu ambaye karatasi yenyewe ilibaki nyumbani wakati wa kukimbia, hiyo si hasara ya flashi.

Kwa hiyo msibishane na 29. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama anakubali irudishwe. Akikataa, achana naye, manake nauli ya kutoka Tororo kwenda kugombana inaweza kuzidi bei ya flashi. Halafu kuna programu ya bure, H2testw, inajaza flashi yote kisha inasoma upya kilichoandikwa. Kwa flashi kubwa inachukua masaa. Jumamosi nitakuwa nayo kwenye laptopu, leteni za kwenu zikiwa tupu.