Seva Zisitupwe Kabla ya Kupimwa

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu seva za ofisi zinazoharibiwa na umeme, kisha zikatupwa stoo bila kupimwa.

Seva, kwa msomaji ambaye hajaiona, ni ile kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine zote za ofisi. Ikizimika, mwananchi anaambiwa dirishani, "Mtandao hakuna, njoo kesho." Kesho anaambiwa vivyo hivyo. Mzee aliyetoka kijijini kwa nauli ya kukopa kufuatilia mafao yake hajui kwamba kinachomrudisha huenda ni kipande kidogo kuliko punje ya mchele.

Mimi ni fundi. Nilianza na redio, siku hizi natengeneza mbao mama za kompyuta. Masika yaliyopita niliitwa na ofisi moja ambayo sitaitaja. Umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo, na seva haikuwaka tena. Aliyewauzia alifika, akabonyeza kitufe mara tatu, akaandika: "Ubao mama umekufa, nunueni seva mpya." Hata kifuniko hakufungua! Ndugu Mhariri, ni daktari gani huyu anayeandika cheti cha kifo bila kumgusa mgonjwa?

Kazi yenyewe haina uchawi. Seva nyingi zina kompyuta ndogo ndani yake inayofanya kazi hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme unafika, nayo huandika kila hitilafu. Daftari hilo lisomwe kwanza. La ofisi ile lilionyesha kwamba njia ya volti 12 imeanguka. Tuliazima pawasaplai nzima ya aina ile ile, hali haikubadilika. Basi ugonjwa ulikuwa ubaoni.

Hapo unachomoa nyaya zote za umeme (seva nyingi zina pawasaplai mbili, ukichomoa moja tu ubao bado uko hai), unaandika namba kwenye kila diski kabla ya kuitoa ili irudi mahali pake, kisha unashika mita. Kati ya njia ya volti 12 na ardhi ya ubao, ikisoma karibu na sifuri, kuna shoti. Lakini vijana wawe macho: njia inayolisha prosesa, yenye volti 1 hivi, kwa kawaida husoma chini sana, hata chini ya ohmu 1, na wala si shoti. Nimeona mbao nzima zikihukumiwa kwa kosa hilo.

Shoti ikipatikana, unaingiza volti 1 kutoka saplai ya mezani yenye kikomo cha ampea, unapaka spiriti ubaoni, unatazama inapokauka kwanza. Pale palikuwa na kapasita moja ndogo iliyopasuka. Kuibadilisha kunataka subira, maana ubao wa seva una matabaka mengi ya shaba yanayomeza joto, na usipoupasha kutoka chini kwanza, chuma cha kulehemu kitakuhangaisha bure. Jioni ile seva iliwaka.

Sisemi kila ubao unafufuka. Transista ya juu kati ya zile zinazolisha prosesa ikishika shoti, volti 12 huingia kwenye prosesa inayotaka volti 1, na mara nyingi huo ndio mwisho wake. Ubao ulioungua mpaka matabaka ya ndani yakawa mkaa, achana nao. Na wale wanaowasha tena na tena wakisema "labda itakubali" wanaua kilichobaki.

Jambo jingine: nyuma ya kabati la seva ile nilikuta waya wa erthi umekatwa, unaning'inia. Kutengeneza ubao na kuuacha waya ule ni kuandaa kuungua kwa pili. Nilikataa kuikabidhi seva mpaka uungwe na kupimwa. Fundi mwenzangu aliyekagua jengo lile sijui alikagua nini.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Machi 2020, inayomkataza mtengenezaji wa seva kuzifunga sehemu zake, ubao mama ukiwamo, kwa namna inayozuia kufunguliwa kwa matengenezo. Sisi tunaozinunua kwa fedha za kigeni tunashindwa nini kuandika sharti hilo katika zabuni zetu, na kuongeza kwamba muuzaji alete na michoro ya saketi? Na VETA je, haiwezi kuwafundisha vijana ufundi huu wa mbao za seva?

Naomba wahusika watueleze: ni seva ngapi zimelala stoo za ofisi za umma zikisubiri mnada, na ni nani aliyezipima?

Fundi Mita,
Morogoro.