Chungu cha Mtu Mmoja

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kuachiwa jiko. Mwenzangu amekwenda mjini kumtazama binti yetu aliyejifungua, nami nimebaki hapa Matemwe, pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja, na nazi sita pamoja na agizo moja: "Usiunguze nyumba."

Nilijipa moyo. Mabingwa wa mapishi wanaojulikana duniani si wengi wao wanaume? Nimewaona katika televisheni: kitunguu kimekwisha katwa, chumvi imo kibakulini, na sufuria iliyoungua haionekani abadan. Nami maji yalipokupwa nikashuka pwani, nikanunua pweza wa kilo moja. Nikampiga kwa mti mpaka mkono ukafa ganzi, maana pweza asiyepigwa hutafunwa mpaka alasiri. Nikakalia mbuzi, nikakuna nazi na ncha ya kidole pamoja. Hapo ndipo nilipotambua kwamba bingwa wa televisheni ana wasaidizi nyuma ya pazia. Nyuma yangu mimi alikuwako paka.

Sasa kipimo. Nilikumbuka mama akipima vibaba viwili vya mchele, yaani nusu pishi, nikapima vivyo hivyo. Nikasahau kwamba mama alikuwa akilisha watu tisa. Tena, ndugu msomaji, mchele huvimba na pweza husinyaa. Almuradi nilipoepua, nilikuwa na wali wa harusi na pweza wa mtoto aliyeachishwa ziwa jana.

Huko Uingereza shida hii imeandikiwa kitabu. Mwaka 1985 mpishi mashuhuri Delia Smith alitoa One Is Fun!, yaani kuwa mmoja ni raha, chenye mapishi ya mtu mmoja. Namheshimu bibi huyo, kwani alitambua kwamba aliye peke yake naye anastahili chakula cha moto, si makombo ya jana. Lakini nazi yetu haikukisoma kitabu hicho. Ukishaivunja, imevunjika yote.

Nikapakua sahani, nikaipeleka kwa bibi jirani, mjane ambaye watoto wake wote wanaishi mjini.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu."

Alionja, akanyamaza kwa adabu. Nikamwuliza yeye hupimaje chakula cha mtu mmoja, maana anapika peke yake miaka mingi.

"Kupima hakunishindi, mwanangu. Kinachonishinda ni kula huku nikijisikia ninavyotafuna. Basi huongeza konzi moja ya mchele, nikauacha mlango wazi."

Nilishikwa na haya. Miaka yote hiyo nimeuona moshi wa jiko lake, nikatoa salamu na kupita zangu.

Basi wewe uliyepanga chumba kimoja Mwanakwerekwe au Manzese, unayerudi kazini jioni na kununua chipsi kwa kuwa "kupika cha mmoja ni taabu", ongeza konzi ya pili, kisha kabishe mlango wa pili. Huenda nyuma yake yuko mtu anayejisikia akitafuna. Na watoto wetu wa kiume tuwakalishe juu ya mbuzi mapema, kabla hawajaachiwa jiko.

Mimi leo jioni nimealikwa kwa bibi. Ameniomba nilete nazi tu, nisiiguse sufuria. Paka naye atakuja.