Upasuaji Ni Dakika 20. Wiki 6 Nani Atalipia?

Wasee, leo hakuna komedi. Leo tuongee kuhusu mikono ya mathe.

Mathe ni mama fua. Asubuhi anatoka huku Gatina, Kawangware, anatembea hadi Lavington, anakaa kando ya barabara na wenzake wakingoja soja awaite getini. Mimi na mdogo wangu tumesoma kwa hiyo kazi ya kukamua jinzi na blanketi za watu. Kuanzia mwaka juzi akawa anaamka saa nane usiku, anakung'uta mkono wa kulia kama mtu anayekausha maji. Gumba, kidole cha shahada na cha kati vimeshikwa na ganzi. Kile cha mwisho kiko sawa. Sisi tukasema ati ni baridi. Akajipaka dawa ya kuchua, tukarudi kulala.

Haikuwa baridi. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba: chini mifupa, juu utepe mgumu. Humo ndani zinapita kano za vidole pamoja na neva moja. Humo mkivimba, neva inabanwa. Madaktari wanaita kapo taneli. Kukamua kwa nguvu kila siku kunachangia, kisukari na ujauzito pia. Ukiwahi mapema, kuna kifaa unavaa usiku cha kunyoosha kifundo, ama unadungwa sindano, na inaweza kutulia. Mathe alichelewa. Alipofika hospitali, vikombe vilikuwa vinamponyoka na ile nyama ya chini ya gumba imeisha. Akaambiwa ni kupasuliwa.

SHA yake haikuwa imelipwa, kwa hivyo tukachangisha. Ndugu, chama chake, hata nyinyi mlituma kitu kwa M-Pesa. Asanteni. Upasuaji wenyewe, manze, ni kama dakika 20. Walimdunga dawa ya ganzi mkononi, akiwa macho anaongea, wakakata ule utepe ili neva ipate nafasi, wakashona. Jioni alikuwa nyumbani anakunywa chai. Nikaposti kwamba tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Daktari alisema nyuzi zitolewe baada ya siku 10 hadi 14. Vidole avisogeze kuanzia siku ya kwanza, mkono auinue usivimbe, kidonda kisiingie maji. Lakini kukamua, kubeba mtungi, kushika kitu kwa nguvu, asijaribu kwa kama wiki 6. Nguvu yote kurudi ni miezi.

Sasa piga hesabu. Mathe analipwa kwa siku. Asipofua, hakuna kitu. Kwenye bajeti ya mchango tuliandika hospitali, dawa na nauli. Hakuna aliyeandika kodi ya nyumba. Hakuna aliyeandika unga. Siku ya 9, mwenye ploti alipogonga mlango, mathe alifunga mkono na karatasi ya nailoni akaenda Lavington kufua. Mimi nilikuwa kitandani naedit video. Kidonda kikafunguka, kikaingia usaha. Alipona, lakini doo ambayo ingetununulia unga ilienda kwa dawa na kusafisha kidonda.

Kuna mtu atasema mathe ni mkaidi. Sikubali. Hata sheria ya ajira ya 2007 inampa mwajiriwa aliyemaliza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 zingine kwa nusu. Hizo zinatosha tu kufika siku ya kutoa nyuzi. Mama fua wa leo hapa kesho pale, nani humlipa hata hizo? SHA nayo hata ukiwa umelipa, ni ya bili ya hospitali. Unga wa nyumbani haiujui.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama hatujachangia wiki za kupona, hatujachangia upasuaji. Ukitengeneza grupu ya mchango, andika bili, halafu chini yake andika kodi, chakula, na nani atashika kazi. Na wewe unayefuliwa nguo, mwekee nafasi yake, mtumie hata nusu ya siku.

Nasema hivi kwa sababu mkono wa kushoto umeanza. Safari hii tumewahi, anavaa kile kifaa usiku. Ikibidi apasuliwe tena, wiki 6 tayari tumeanza kuziwekea akiba, na Jumamosi mimi na mdogo wangu ndio tunaenda kufua. Vijana wa stage wanatuita baba fua. Wacheke tu.

Na wewe, usiku wa leo ukisikia mathe wako anakung'uta mkono, usimwambie ni baridi. Muulize ni vidole gani.