Kisu ni Kilekile

Mwezi huu nakupeleka mbali kidogo, kwenye mbuga za pampas kule Argentina na Uruguay, tukawaone gaucho, wale wachunga ng'ombe wanaoshinda juu ya farasi. Najua utaniuliza, wao na mapenzi wapi na wapi? Subiri kwanza.

Gaucho wa zamani hakuwa na mali nyingi. Alikuwa na farasi wake, poncho yake na kisu kirefu kiitwacho facón, kakichomeka kwenye mkanda nyuma ya kiuno. Kwa kisu hicho alichuna ngozi, na jioni alikatia nyama choma akala. Wakikorofishana, kilichochomolewa ni kisu hichohicho. Poncho inazungushwa mkononi iwe ngao, kazi inaanza.

Kilichonigusa ni hiki: mara nyingi hawakutaka kuuana, walitaka kutiana alama usoni. Charles Darwin alipokuwa Uruguay mwaka 1833 aliwaona kuwa watu wenye adabu na wakarimu sana, lakini nyuso zao zina makovu ya kutisha.

Sasa turudi kwako. Wewe na mwenzio hamna facón, ila mna ulimi. Huohuo uliomwita "mpenzi" asubuhi, ndio unaomwambia usiku, "Ndiyo maana hata kwenu hawakuthamini." Hukuwa na nia ya kumwacha, ulitaka aumie kidogo tu. Kesho yake mnakula pamoja, mnacheka, lakini kovu analo.

Sisemi msigombane, vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Gombaneni kuhusu jambo lenyewe: hela ya kodi, simu isiyopokelewa, kuchelewa kurudi. Lakini umbo lake, kwao, na siri aliyokunong'oneza mkiwa wawili, huo ndio uso wake. Usiuguse.

Argentina wana desturi moja naipenda: ukipewa zawadi ya kisu, unampa aliyekupa sarafu moja, ili makali yasije yakakata urafiki wenu. Basi mwenzio alipokueleza udhaifu wake, alikukabidhi kisu. Sarafu yake ni kunyamaza siku ile umekasirika kwelikweli, na neno la kumchanja nalo unalo mdomoni.

Tukutane mwezi ujao.